Mji wa Kale Alioujua Mama kwa Sikio

Mama yangu alifika uzeeni bila kuiona bahari, lakini vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa alivijua karibu kama anavyoijua njia ya kutoka kwetu Kariobangi kwenda Kiamaiko. Hii ya Kiamaiko ameitembea miaka mingi. Kila alfajiri huenda kule kwenye machinjio kununua vichwa na miguu ya mbuzi, akarudi navyo, akavibabua manyoya motoni na kuvichemsha supu ambayo huwauzia mahamali na mafundi wa gereji karibu na soko. Ile ya Mombasa aliitembea akiwa ameketi kwenye stuli, mlangoni petu, simu mkononi.

Aliyekuwa akimtembeza ni mdogo wangu, kitindamimba wetu. Sisi tulizaliwa watatu: kaka yangu mkubwa, mimi, halafu yeye, baada ya miaka mingi ambayo Mama alidhani kizazi kimefungwa. Baba alifariki yule mdogo akiwa bado anabebwa mgongoni, kwa hiyo alikua akiwa wa Mama zaidi kuliko sisi. Hakupenda shule. Alianza kubeba mchanga kwenye mijengo ya Kayole akiwa kijana mdogo, akajifunza kupiga plasta kwa kutazama, na kabla hajafika thelathini mafundi wenzake walikuwa wakimwachia kuta za sebuleni, zile ambazo mwenye nyumba atazitazama kila siku. Ndipo mkandarasi mmoja akamchukua kwenda Mombasa, kwenye majumba ya kupangisha yaliyokuwa yakijengwa ng'ambo ya daraja.

Jumapili ya kwanza alipiga simu baada ya chakula cha mchana. Sikio la kushoto la Mama halisikii vizuri, na la kulia nalo huchagua, kwa hiyo simu yake huwa kwenye spika. Nyumba nzima tulisikia.

"Mathe, niaje. Vaa viatu, tunatoka."

"Nivae viatu niende wapi, na wewe uko huko?"

"Vaa tu. Nataka nikuonyeshe mahali."

Mama alicheka, hakuvaa. Lakini alisikiliza, na mdogo wangu akatembea na kusema. Sasa tuko mbele ya ngome, Mathe, ukuta wake umeliwa na chumvi mpaka unafanana na mkate uliotafunwa na panya. Tusiingie, ndani ni wageni. Shika kushoto. Hapa njia inaanza kuwa nyembamba, ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili. Mama alimkatiza: kuna jua? Liko, alimjibu, pita upande wa kivuli.

Wiki iliyofuata alipiga tena, na iliyofuata, na haikuchukua muda Mama akawa akirudi kanisani havui viatu vyake vyeusi. Alivaa vivyo hivyo akala ugali wake, akaketi mlangoni akisubiri. Kila Jumapili walianzia pale ngomeni, kisha wakasonga mbele kidogo kuliko wiki iliyopita. Mama alitaka kujua kila kitu kilivyo. Mlango una rangi gani? Hayo maua yaliyochongwa yanafanana na nini? Huyo mwenye kahawa ni mzee au kijana? Kulikuwa na msikiti mweupe ambao wakiupita mdogo wangu alishusha sauti, kwa kuwa watu walikuwa ndani wakisali, na Mama naye huku Kariobangi, katikati ya kelele za redio na watoto wa ghorofani, akaanza kunong'ona. Majirani waliona ajabu. Mimi nilizoea, nikawa nikifua nguo zangu pale pale huku wao wawili wanatembea.

Alimwambia pia kuhusu nyumba yake. Alisema amepata chumba cha juu katika nyumba nyeupe, nzee, yenye roshani ya mbao iliyopakwa buluu, na akilala anasikia maji. Mama aliwasimulia wanawake wa kanisani habari za roshani hiyo kana kwamba mwanawe ameinunua.

Homa ilimpata mdogo wangu wakati wa mvua za masika. Alidhani ni uchovu, akanunua tembe za maumivu dukani, akaendelea na kazi. Wenzake walipoona anaongea maneno yasiyoshikana ndipo walimpeleka hospitali, na kwa wakati huo malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Daktari alimweleza kaka yangu kwamba watu waliokulia Nairobi miili yao haijazoea mbu wa pwani. Kaka alikwenda na mjomba kuuchukua mwili. Mama alitaka kwenda nao, lakini wanawake wa ukoo walimkataza, wakamwambia mama hafuati maiti njiani, hungoja nyumbani. Gari lilitoka Mombasa likapita Nairobi bila kusimama, likaenda moja kwa moja magharibi, kwa kina Baba. Sisi tulikuwa tumetangulia. Mama alimwona mwanawe mara moja, jeneza lilipofunguliwa chini ya turubai, halafu likafungwa.

Hakuongea sana baada ya hapo. Supu aliendelea kuuza. Watu walimsifu kwamba ni mwanamke mwenye nguvu, na mimi nilikuwa nikisikia sifa hizo nikiwaza kwamba hawamwoni anavyoketi kitandani asubuhi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, mpaka nimguse bega.

Mwaka wa pili ulipoingia, tulikuwa tunachambua kunde jikoni, akasema bila kuniangalia:

"Nataka unipeleke Mombasa."

"Kufanya nini, Mama?"

"Kutembea."

"Kutembea wapi?"

"Kule alikokuwa akinipeleka."

Nilimpigia kaka yangu simu. Alikasirika. Alisema nitachokonoa kidonda ambacho kimeanza kukauka, na kwamba Mombasa hakuna kitu cha Mama, mtoto wake amelala nyumbani, kama anataka kumtembelea basi aende kaburini akapalilie. Mama alichukua simu kutoka mkononi mwangu. Alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwambia kwa upole, "Kaburini nimeenda. Hakuna anachoniambia." Kaka akasema sawa, mvae nguo nyepesi, kule kuna joto.

Tulishuka kwa treni siku ya Jumamosi, tukalala katika nyumba ya wageni isiyo mbali na ngome. Jumapili asubuhi nilidhani tutatoka mapema kabla jua halijawa kali, lakini Mama alikataa. Alisema wao walikuwa wakitoka baada ya chakula. Basi tulikwenda kanisani, tukala wali na samaki katika hoteli ndogo, tukapumzika. Saa yao ilipofika alisimama, akafunga kitambaa chake vizuri, akasema twende.

Mbele ya ngome alitusogelea mwanamume mmoja wa makamo aliyevaa kitambulisho shingoni, kofia safi kichwani.

"Karibuni, mama zangu. Niwazungushe Mji wa Kale? Historia yote naijua."

"Asante, baba," Mama alimjibu. "Njia naijua."

"Ah, mlishawahi kuja."

"Hapana. Ni mara ya kwanza."

Alicheka, akanitazama mimi kutaka maelezo. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini aliacha kucheka, akatuonyesha kwa mkono upande wa kivuli, akatuacha.

Mama alisimama akiutazama ule ukuta mkubwa kwa muda. "Mkate," alisema. Kisha akashika kushoto.

Nilimfuata nyuma kama mtoto. Alitembea polepole, mkono mmoja ukipapasa kuta, akisema kidogo kidogo, na sikujua kama anasema nami. Hapa kuna ngazi tatu, angalia mguu. Hapa nyaya za umeme zimeshikana kama kiota. Hapa kuna paka. Paka walikuwapo kweli, wamelala juu ya pikipiki na kwenye vizingiti, na Mama aliwatazama mmoja mmoja kama mtu anayetafuta sura anayoijua. Milango ya nakshi nayo tuliipita. Alisimama kwenye mlango mmoja mkubwa wenye misumari ya shaba, akaweka kiganja juu ya maua yaliyochongwa. "Alisema yanafanana na nanasi lililokatwa," aliniambia. Nilitazama. Yalifanana.

Nilianza kuamini kwamba mambo yatakwenda hivyo hadi mwisho. Halafu tulifika mahali njia inapogawanyika, na Mama akasimama.

"Hapa lazima pawe na duka la udi," alisema. "Alisema pua itajua kabla ya macho."

Hapakuwa na harufu yoyote. Palikuwa na duka la simu, kioo kikubwa, na kijana akibadilisha kioo cha simu ya mteja. Mama aligeuka kulia, akageuka kushoto. Niliona uso wake ukibadilika, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke Nairobi niliogopa. Alionekana kama mtu aliyeshuka stendi isiyo yake. Hamali mmoja aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa mitungi ya maji alituomba njia, nami nikamvuta Mama pembeni, na mkono wake ulikuwa baridi katika joto lile.

Nilimuuliza yule kijana wa simu kama hapo palikuwa na duka la udi.

"Lilikuwapo," alisema. "Mzee alihamia kule nyuma ya soko. Mna shida gani?"

"Hatuna shida. Ukitoka kwa mzee wa udi, ukitaka kwenda msikitini, unashika wapi?"

"Kulia."

Mama alisikia. Alivuta pumzi, akapangusa uso kwa ncha ya leso yake, akashika kulia. Hatua chache mbele tulipita karibu na msikiti mweupe, mlango uko wazi, viatu vimepangwa nje, na Mama akaninong'oneza kwamba nipunguze sauti, ingawa sikuwa nimesema neno.

Nyumba tuliiona kutoka mbali. Ilikuwa nyeupe kweli, na roshani ya mbao ilikuwapo, buluu iliyopauka, imetokeza juu ya kichochoro. Chini yake, kando ya mlango, kulikuwa na baraza ya mawe, na juu ya baraza mwanamke mzee aliyejifunga leso mbili alikuwa akikaanga viazi vya karai kwenye jiko la mkaa. Mama alimwamkia. Yule bibi alimwitikia bila kuacha kugeuza viazi.

"Karibuni. Mwataka viazi?"

"Tunataka," Mama alisema, akaketi upande wa pili wa baraza kwa sababu miguu ilikuwa imechoka. "Nyumba hii ni ya nani, mama?"

"Ilikuwa ya marehemu mume wangu. Sasa ni yangu mimi na mvua, maana yaingia itakavyo."

"Kuna kijana alikuwa amepanga hapa juu."

"Hapa?" Aliinua macho. "Hapa hapajapangishwa, mwanangu hataki. Kijana gani?"

Nilitaka kusema kitu, nimtoe Mama pale, niseme tumekosea nyumba. Mama alinishika goti.

"Mrefu," alisema. "Mweusi. Ana pengo hapa." Akagusa jino lake la mbele. "Ni fundi. Anatoka bara."

Bibi aliweka mwiko wake chini.

"Wa simu?" alisema. "Yule kijana wa simu? Hakuwa mpangaji huyo. Huyo alikuwa akija Jumapili nyingi, akikaa papo hapo ulipokaa wewe. Akinunua viazi vyangu, akila kwa mkono mmoja, mkono mwengine umeshika simu. Mie nkadhani aongea na mchumba, maana akija husikia amwambia twende polepole, pita kivulini, angalia ngazi. Nkamwambia, wewe, msichana wa watu utamchosha kwa kumtembeza." Alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu anayemkumbuka mtu kwa wema. "Yuwapi siku hizi? Karudi kwao?"

Mama alikuwa ameinamia sahani ya viazi aliyopewa. Hakula.

"Amerudi," alisema. "Tulimzika nyumbani. Alikuwa akiongea na mimi."

 Bibi aliinua karai akaliweka kando ya moto, ingawa viazi vilikuwa havijaiva, na akasema kwa sauti ya chini maneno yale ambayo Waislamu husema kwa msiba, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Kisha akasogea karibu, akaushika mkono wa Mama kwa vidole vyake vyenye unga wa dengu. Walikaa hivyo. Watu walipita, wengine waliomba viazi, naye akawatikisia kichwa tu. Mimi nilisimama upande wa pili wa njia, nikajifanya natazama paka.

Baadaye bibi alituuliza kijana alikufa kwa ugonjwa gani, na Mama alimweleza, mwanzo hadi mwisho, homa, tembe, hospitali, gari lililopita Nairobi bila kusimama. Sikuwa nimewahi kumsikia akisimulia yote kwa mtu. Bibi alisikiliza akiitikia kwa koo. Halafu akasema:

"Njoni juu. Kuna kitu chake."

Ngazi zilikuwa za mawe, zimebonyea katikati kwa kukanyagwa. Chumba cha juu kilikuwa na kitanda kipana kisicho na godoro, kabati, na harufu ya unyevu. Bibi alituambia kwamba Jumapili moja mvua ilikuwa imeangusha kipande cha ukuta karibu na dirisha, naye alikuwa akilalamika pale chini kwa jirani. Yule kijana akamaliza simu yake, akauliza kama anaweza kutazama. Wiki iliyofuata alikuja na mwiko wake wa plasta na chokaa ndani ya ndoo, akafanya kazi mpaka magharibi. Alikataa kulipwa. Alikula pilau, akaomba kitu kimoja tu, kwamba asimame roshanini kidogo.

"Akasimama sana," bibi alisema. "Nkamwacha."

Kiraka kilikuwa ukutani, kikubwa kama meza ya kulia, cheupe kuliko sehemu nyingine. Mama alikwenda akakiwekea mkono. Alikipapasa kutoka juu hadi chini, polepole, kama anavyopapasa kitambaa dukani kabla ya kununua. Mijengo yote aliyofanyia kazi mdogo wangu ilikuwa ya watu wengine, nyumba za watu wenye funguo zao, na Mama hakuwahi kuingia hata moja. Huo ndio ukuta wake wa kwanza Mama kuugusa.

"Ni laini," alisema.

"Hauvuji tena," bibi alisema.

Mama aliweka paji la uso kwenye ukuta ule. Hakulia kwa sauti. Bibi alinishika mkono, akanitoa hadi kwenye ngazi, tukamwachia chumba.

Tulipokuwa tunashuka, niliona lazima niseme. Nilimwambia Mama kwamba labda mdogo wangu alisema anaishi pale ili asimtie wasiwasi, kwamba hakuwa na nia mbaya.

"Nilijua," Mama alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba haishi kwenye roshani. Siku nyingine alikuwa akinipigia asubuhi kabla ya kazi. Nilisikia wanaume wengi wakikohoa, na mashine ya kukoroga saruji. Siku moja akamwambia mtu ampunguzie redio. Mtu mwenye chumba chake peke yake anamwambia nani apunguze redio?" Alishika ukuta wa ngazi, akateremka hatua moja. "Alilala kwenye mjengo na wenzake. Nilijua. Lakini alikuwa akiifurahia ile nyumba, na mimi nilifurahi naye. Ningemwambia nini?"

Ndiko alikoumwa na mbu, niliwaza, kwenye jengo lisilo na madirisha. Nadhani Mama naye aliwaza hivyo hivyo.

Bibi alitufungia viazi kwenye gazeti. Alimuuliza Mama tunaelekea wapi sasa, na Mama akatazama kichochoro upande ule ambao hatukuwa tumeupita. Kilishuka kidogo, kikapinda, kikapotea.

"Sijui," alisema. "Tulifika hapa. Jumapili ya mwisho alisema, Mathe, leo nimechoka, tukae hapa, bandarini tutaenda wiki ijayo. Sauti yake ilikuwa nzito. Nikamwambia alale." Alikishika kifurushi cha viazi kwa mikono miwili. "Sikumuuliza kama ana homa."

"Hungejua," bibi alimwambia.

"Mimi ni mama yake."

Bibi hakubishana naye. Alisema bandari haiko mbali, tufuate njia ishukayo, tukiona samaki tumefika. Wakaagana kwa kushikana mikono yote miwili. Mama alimkaribisha Nairobi, bibi akasema Mungu akipenda, na wote wawili walijua magoti yao hayatakubali.

Sehemu ile iliyobaki tulitembea kimya. Hakuna aliyetuambia pa kuangalia ngazi wala mlango upi ni mzuri. Mama alikuwa ameushika mkono wangu sasa, amenilalia, na mara ya kwanza siku ile niliona jinsi alivyokuwa mzee. Tulipita mlango mmoja wa ajabu, wenye minyororo na mimea iliyochongwa, wala hakuutazama. Aliniuliza tu kama bado ni mbali.

Bandarini palikuwa na harufu ya samaki na mafuta ya mashine, nyavu zimeanikwa, wanaume wachache wakicheza bao kivulini. Baada ya hapo yalikuwa maji. Mama alisimama ukingoni akayatazama, na upepo ukampeperushia leso. Nilitarajia aombe, au aseme jina la mwanawe. Aliniuliza yanaishia wapi. Nilimwambia pale mbele ni ng'ambo, lakini ukitoka mlangoni pa bahari hayaishi.

"Hakuniambia ni mengi hivi," alisema. "Alisema tu yako."

Tulikaa juu ya jiwe mpaka jua likapungua ukali. Alikula kiazi kimoja, kingine akampa paka. Hatukuchota maji kwenye chupa wala kuokota kitu. Alipotaka kurudi alisema tusipite kule kule, tuzunguke kwa barabara kubwa, na tukafanya hivyo.

Jumatatu, katika treni ya kurudi, mbele yetu aliketi mwanamke wa makamo anayerudi kutoka kumwona binti yake aliyejifungua. Alikuwa mchangamfu. Alituonyesha picha za mtoto, akatugawia mahamri, na kama wanawake wanavyofanya safarini, akamuuliza Mama ana watoto wangapi.

"Watatu," Mama alimjibu.

"Na wote mko nao Nairobi?"

"Wawili wako Nairobi. Huyu ni mmoja. Mwingine yuko Mombasa."

"Anafanya kazi huko?"

"Ni fundi wa plasta," Mama alisema. "Ana mkono mzuri sana."

Yule mwanamke alisema hiyo ni kazi ya maana, nyumba bila plasta ni pango. Mimi niligeukia dirisha. Nje ilikuwa nyika kavu na udongo mwekundu, na mbali kulikuwa na ng'ombe wanaochungwa na mtu ambaye hakuinua kichwa treni ilipopita. Mama aliendelea kuongea naye mpaka kituo cha Mtito, habari za mwanawe, anavyopenda viazi, anavyowapenda wazee, na hakukosea hata mara moja, aliongea kama mtu anayemsema aliye hai.

Kaka yangu alitupokea stesheni. Alinivuta pembeni akaniuliza kama Mama amelia sana, na nikamwambia ukweli, kwamba alilia kidogo, bila sauti. Alionekana kupata nafuu. Alimbebea mkoba wake, akampeleka nyumbani, akamnunulia maziwa.

Mama alilia Jumatano. Nilikuwa nimekwenda kumsaidia kwa sababu soko lilikuwa na watu wengi. Alikuwa ameinama anapepea mkaa, mahamali wameshika vikombe vyao wanangoja, na hakuna aliyekuwa amesema kitu cha kumkumbusha mtu wala jambo. Alianza tu. Aliketi chini juu ya gunia akalia kwa sauti ambayo sikuisikia hata siku ya mazishi, mdomo wazi, mikono imelala mapajani. Wateja walitazamana. Mmoja wao, mwanamume mnene ambaye huvuta mkokoteni wa viazi kutoka sokoni, aliinama akachukua upawa, akakoroga sufuria, na akaanza kuwagawia wenzake supu kimya kimya, kila mtu kikombe chake, mpaka foleni ikaisha.